Mapiketi Yenye Kuota Majani

Siku ya mbili, le 9 septembre 2025

Naandika mbio. Nimepata malupango kenda ya kujenga! Kenda!

Niweke mambo sawa kwanza. Batu ba Musonoi, bale benye carrière, shimo ya mugodi, inakuya kumeza manyumba yabo, ni familia makumi sita na ine. Bakubwa ba mugodi banabapatia fasi huku nyuma ya Kapata, juu ya dambo, ile bonde ya majani. Ni fasi murefu sawa mukaba: barabara moya, malupango paka upande moya, ju upande ingine kwiko ligne ya courant, waya ya umeme, na chini yake habajengake. Tata Kabemba, géomètre wetu, alipima, akarudilia kupima. Metre elfu moya na mia moya. Kila lupango metre makumi mbili ya upana, ni vile balibaahidi. Inatoka makumi tano na tano. Familia kenda banabakia inje. Tata Gaston, président wa komite ya bale batu, alisema kama hatufike makumi sita na ine, hakuna mutu atatoka Musonoi, na bakuye na babulldozer.

Njo mi sasa. Mi Mbelu, mwenye hana diplôme ya dessin hata ya maternelle! Mwenye alijifunza ku bavideo ya telefone, ya Kizungu yenye sisikiake, paka kufuata ile ka-souris ku écran fasi kanatembea. Nilifungua image ya satellite, picha ya kutoka juu. Nyuma ya mustari wa malupango, chini kiloko, naona udongo brun, safi, hakuna muti. Nikachora mustari wa pili. Namba 56 mupaka 64.

Tata Kabemba aliangalia murefu. Aliuliza image ni ya mwezi gani. Nilijibu: sijue, lakini iko muzuri. Alicheka. Saa kumi komite ilipiga mikono mu biro yetu kandogo mupaka vitre ilitikisika.

Kutoka leo mi si mutoto wa kubeba trépied tena. Ni dessinatrice, mwenye kuchora plani. Aksanti Mungu. Aksanti Tata Kabemba. Aksanti hata ile ordinateur ya muzee yenye kuzimika kila saa.


Siku ya tano, le 12 septembre

Tulipanda mapiketi, ile miti ya kuonesha mipaka ya malupango. Jua kama moto. Mwezi yenye ilipita batu balichoma majani ya dambo ju ya kuwinda panya, kila fasi ni mweusi, udongo nguvu sawa simenti. Pick-up ilipita pale juu bila shida. Tulikula mikate na sardine tukikaa pa namba 58.

Chini kabisa, Mama Ndaya analimaka mboga, lengalenga na bashu. Anatujua kutoka siku ya kwanza. Alisimama na jembe, akauliza: "Mwana wanyi, munapimia nani huku? Bachula?" Tulicheka bote, eti vyura bapewe malupango, Tata Kabemba alicheka mupaka anapangusa macho. Kisha mama alitupatia mahindi ya kutokota. Muzuri sana! Sijakula mahindi tamu vile huu mwaka.

Shida: mapiketi ya eucalyptus iliisha pa namba 55. Mi na haraka yangu, nikapanda taxi-moto mupaka Kapata. Kule kwiko mama moya muzee, lupango yake imezungukwa na muti ya mulemba, ile unakataka tawi na inakomeaka tena. Alisema kata tu, mutoto, inanizuiliaka jua. Nilikata makumi mbili na mbili. Makumi mbili kwa mustari wangu wa chini. Mbili nilipanda kule juu, karibu na namba moya, fasi yenye komite inataka école.

Mikono yangu imetoka malengelenge. Niko furaha.


Siku ya posho, le 20 septembre

Leo balikamata banamba. Bakapapier mu casque moya, kofia nguvu ya mugodi, ya jaune, na mutoto wa mutu moya anashika. Kila familia inatosha kamoya na kusoma namba.

Tata Gaston alitosha namba moya! Ya kona, pa kuingilia. Batu balimulalamikia kwa kicheko, eti président alijua kapapier yake vile kanafungwa. Aligeuza casque chini juu ju baone hakuna kitu alificha. Iko na maneno, ule tata. Lakini si mwizi.

Mama Ernestine alikuya wa mwisho. Mujane, batoto batano, nyumba yake Musonoi iko na crevasse mu ukuta, unaweza kupitisha mukono. Kapapier kalibakia kamoya. Hakuweza hata kuchagua. 58.

Alinitafuta katikati ya batu. Alinishika mikono yote mbili na akasema, Mbelu, balinambia ni weye ulipata ile mustari ya mwisho. Bila weye mi sina kwetu.

Naandika tena ju nisisahau: bila weye mi sina kwetu.


Siku ya yenga, le 5 octobre

MAAJABU. Mapiketi yangu iliota majani!

Mvua haiyanyesha hata tone moya. Na mu mustari wa chini, kila piketi, makumi mbili yote, iko na bamajani kadogo ya kijani, na ruban, ule utepe nyekundu ya kuonesha piketi, ingali imefungwa pa shingo. Mama Ernestine njo alibaona asubuyi. Alikimbia mupaka fasi ya kanisa. Pasteur Hénock aliacha mahubiri yenye alitayarisha, akachukua batu bote na miguu mupaka kule, akafungua Hesabu kumi na saba. Fimbo ya Haruni. Mafimbo kumi na mbili balibaweka mu hema, moya tu ilichipuka. Akasema Mungu haandikake na bic, anaandikaka na majani.

Batu balilia. Bale ba namba 56 mupaka 64, bale bote balibaita ba mwisho, leo balicheza. Mama Ernestine alitosha kitambaa ya kichwa na akafunga ku piketi yake.

Na Tata Gaston? Alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kama inawezekana nimuletee yake moya ya kijani, ju ile ya eucalyptus inamufanya sawa mupagani. Nilicheka, alicheka pia, lakini alikuwa serieux.

Mangaribi Mama Ernestine alileta kuku. Jike nzima, ya mafuta. Nilikataa, akakasirika. Nilipokea. Nani anapataka kuku ju ya mustari ya ku ordinateur? Mungu ni mwema.


Siku ya mbili, le 7 octobre

Ile mapiketi mbili ya mulemba ya kule juu, ya école, ni kavu. Inavunjika na vidole.

Muti moya. Siku moya. Panga moya. Mukono moya, yangu.

Labda mbuzi ilikula majani. Lakini hata fasi ya majani kutokea haionekane.


Siku ya ine, le 9 octobre

Nilienda kwa Mama Ndaya. Nilijifanya nataka kununua lengalenga. Kisha nikauliza tu.

Hakunicheka. Aliweka jembe chini. "Muti yako inakunywa," alisema. "Uliza inakunywa nini."

Alinipeleka pa kashimo fasi anatekaka mayi ya kumwangia. Kanafika paka mu magoti. Na mayi iko ndani, safi, leo, mwisho ya kipwa, miezi bila mvua, wakati kila kisima ya Kapata imekauka. Nilihesabu hatua kutoka pale mupaka piketi ya 58. Makumi ine.

Nikauliza mu masika inakuwaka namna gani. Akasema mu février yeye habakiake huku, bashu anapandaka kule juu. Huku batoto banakamataka bachula na sufuria. Alinionesha ku muti moya alama ya matope ya mwaka jana. Inanifikia pa kiuno. Pa namba 58 itakuwa pa magoti, mu nyumba.

Na image yangu? Nilirudia biro mbio, nikatafuta tarehe. Kumbe tarehe iko pale, ku kona ya chini, kila siku iko pale! Ya août. Kisha moto kupita. Ile brun safi yenye nilipenda ni majivu.

Mbele ya kutoka kule nilikuwa nimemuuliza Mama Ndaya ju ya nini hakutuambia. Alishangaa. Alisema alituambia ya bachula. Sisi tulicheka, na yeye akacheka, ju alizani tunajua. "Muko na mashini," alisema.

Hana hasira na mi. Hiyo njo inaniuma.


Siku ya tano, le 10 octobre

Tulikula kuku ya Mama Ernestine. Mama yangu aliipika na nyanya na ndimu. Kila mutu alisifu. Mi nilirudisha fungu yangu mu sufuria.

Sijamwambia Tata Kabemba. Kesho.


Siku ya posho, le 11 octobre

Sikumwambia.

Nilipita kule. Mama Ernestine anafyeka lupango na batoto bote batano. Alipanda maboga pa kona. Alinipungia mukono kutoka mbali.


Siku ya kwanza, le 13 octobre

Nilimwambia. Saa moya asubuyi, mbele hajafungua hata dirisha. Nilisema mbio, bila kupumua: majivu, tarehe, mulemba, kashimo. Nilingojea anifukuze. Nilikuwa nimesha kutosha chargeur yangu ku mur.

Alifungua dirisha. Kisha alisema: "Niliuliza mwezi gani. Ulijibu iko muzuri. Na mi, mwenye miaka makumi tatu mu kazi, nilikubali muzuri." Alichukua tarière, ile chuma ya kuzungusha ya kutoboa udongo, ya zamani kuliko mi, na tukaenda.

Tulitoboa pa 56, pa 58, pa 61, pa 64. Metre moya: udongo nyeusi, unakamata ku vidole. Metre moya na makumi mbili: mayi. Unasikia inaingia mu shimo na kasauti kadogo, sawa mutoto anakunywa. Kule juu, pa namba 10, tulishuka metre tatu. Mavumbi.

Mama Ernestine alikuya kuangalia. Aliuliza tunatafuta cuivre, ile shaba? Tata Kabemba alimujibu kwa heshima kwamba tunapima udongo, tutakuya kumweleza. Mi niliangalia viatu.

Mu pick-up nilisema nitaandika lettre ya kuacha kazi. Alijibu bila kunitazama. "Weye njo ulichora ile mustari, weye njo utaifuta. Na weye njo utabaambia bale batu. Mi nitasimama pembeni yako. Lakini utaifuta na kitu ya kubapatia mu mukono, si mukono bure."

Aksanti. Sikuweza kumwambia na kinywa. Naandika hapa. Aksanti, aksanti, aksanti.


Siku ya tatu, le 15 octobre

Kitu mu mukono! Nimeipata, na iko rahisi mupaka nataka kujipiga.

Metre 17. Pahali pa makumi mbili, kumi na saba! Makumi sita na ine mara kumi na saba inatoka elfu moya makumi munane na munane. Tuko na elfu moya na mia moya. Banaingia bote! Juu, pa fasi kavu, na metre kumi na mbili inabakia ya kanjira.

Nilipiga mayowe pekee yangu. Courant ilikatika mara tatu, batterie ni mufu, nilianza tena mara tatu. Sasa naweza kuchora ile plani macho ya kufunga.

Tata Kabemba aliangalia. Safari hii aliuliza tarehe ya kila image, moya moya, na mi nilijibu moya moya. Kisha akasema: muzuri. Na akasema sasa ngoja usikie shida.

Shida ni hii. Huwezi kukata metre tatu kwa mutu moya na kumuacha mwenzake. Wa namba moya anasogeza piketi yake metre tatu. Wa mbili anasogeza sita. Wa tatu kenda. Wa makumi tano na tano anasogea metre mia moya makumi sita na tano! Hakuna mutu anaweza kusogea kama ule wa mbele yake hajasogea. Na namba moya ni nani? Tata Gaston.

Hakuna sheria inawalazimisha. Balibaahidi makumi mbili, na kapapier iko na muhuri. Ni paka kuwaomba.


Siku ya ine, le 16 octobre

Nilienda kwanza kwa Mama Ernestine, pa 58, mbele bengine bajue. Ilipashwa vile.

Alinipatia kiti, yeye akakaa juu ya bidon. Nilieleza byote. Nilisema kosa ni yangu, mustari ni yangu, image ni yangu. Nilisema majani si... Nilishindwa kumaliza ile. Kitambaa yake ingali imefungwa ku piketi, na majani sasa ni makubwa sawa ulimi.

Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha alisema polepole:

"Miaka kumi na moya, kila siku saa nane, dynamite. Masahani inaanguka. Batoto banalala na viatu. Mutoto wangu wa ine alizaliwa anashituka. Huku kunanyamaza, Mbelu. Mayi haina dynamite. Uniachie mayi yangu."

Nilimwambia mayi itaingia mu nyumba. Akasema ataipandisha nyumba juu ya mawe. Nilimwambia ya choo, vile itachanganyika na kisima, na batoto. Pale aliangalia batoto bake. Alikuwa muguzi mudogo zamani, ku dispensaire ya mugodi, anajua maneno ya choo na kisima.

Kisha akauliza kitu sikutazamia. Kama balikubali kule juu, yeye atakuwa jirani ya nani. Nilifungua plani. Nilimuonesha: bale bale, 57 na 59. Hakusema ndiyo. Alisema bale ba juu habatakubali, na atakuwa amepoteza ya chini na ya juu, na mi nitarudia ku ordinateur yangu.

Alinisindikiza mupaka barabara, hata vile. Aliniwekea maboga mawili ya Musonoi mu mfuko. Sijue namna ya kupokea bitu ya ule mama tena. Nilipokea.


Siku ya tano, le 17 octobre

Tata Kabemba alienda kwa Tata Gaston. Alirudi kisha saa nzima kupita. Alisema tu kwamba alipewa chai.

Tata Gaston anasema alipigana miaka mbili ju ya ile metre makumi mbili. Kila réunion, kila lettre. Kama yeye wa kwanza anaikata, bale bakubwa ba mugodi batasema: munaona, kumi na saba ilitosha. Na wengine kisha yao, ku mugini ingine, batapewa kumi na saba, kisha kumi na ine.

Ni kweli! Njo inanichokesha, ni kweli. Sikufikiri ile hata kiloko.

Nilichapa plani mupya ku papier munene. Nilizani nitaandika jina yangu pa kona sawa ile ya kwanza. Sikuandika.


Siku ya posho, le 18 octobre

Niko juu ya pick-up, mu caisse, naandika pa mugongo ya plani. Iko saa tano na nusu. Haiyaisha.

Bote balikuya, makumi sita na ine, na batoto, na viti yabo. Tulisimama pa namba moya. Tata Kabemba alisema maneno mbili, akanirudishia. Nilisema: mimi njo nilichora mustari wa chini, nilidanganywa na majivu, na mi nilibadanganya. Mutu moya kule nyuma alisema heri angechora diplôme kwanza. Batu balicheka. Nilicheka na mi, ju anasema kweli, na kisha ile ilikuwa rahisi kuendelea.

Nilionesha mulemba mbili ya kavu na moya ya kijani. Pasteur Hénock aliishika ile ya kijani murefu. Niliogopa yeye kuliko bote. Alisema Mungu anaweza kuandika na majani neno "hapana" pia, na yeye alisoma mbio. Alisema mbele ya kanisa yake yote! Mutu mukubwa, na alisema alisoma mbio. Sitasahau.

Mama Ndaya alikuya na batoto watatu ba dambo, bakaeleza février. Hakuna mutu alimubishia.

Kisha nikabaomba metre tatu. Unasikia paka fil ya courant inavuma juu yetu.

Tata Gaston alisimama, akasema yale ya jana, muzuri kuliko vile Tata Kabemba alinisimulia. Miaka mbili. Malettre. Batu balitikisa kichwa. Na mi nilitikisa! Tata Kabemba akasema tutaandika ku plani, na muhuri, kwamba ni familia benyewe balitoa, si bakubwa balikata, na ahadi ya makumi mbili inabakia deni juu yabo. Tata Gaston alisema karatasi anaijua.

Hatukufanya kunyosha mikono. Tata Kabemba hapendake, anasema mukono inanyoshwaka ju ya jirani. Alisema kila mutu aende ku piketi yake. Anayetaka, aitoshe mu udongo. Asiyetaka, aiache. Hakuna mutu ataulizwa.

Balienda. Saa nzima inakaribia kupita sasa. Mustari yote ya batu, kilometre nzima, kila mutu anasimama pa piketi yake sawa anangojea taxi. Wa namba mbili aliniita, akasema yeye iko tayari kama mwenye kuwa mbele anasogea. Wa tatu vilevile. Wa ine anakataa, kisha bibi yake alimwambia kitu, sasa anasema ataona. Bote banaangalia huku, namba moya.

Tata Gaston anakaa ku kiti yake ya plastique, katikati ya lupango, mugongo kwetu. Matafari yake ya kwanza iko pale, amepanga muzuri. Bibi yake anakaa chini.

Saa sita kasoro. Mutu anapanda kutoka chini. Ni mbali, naona paka kitenge ya bleu. Ni Mama Ernestine. Ameacha 58. Anapita ku barabara mbele ya batu bote, makumi tano na tano, hasalimii, anatembea vile mutu anatembeaka na mutungi ya mayi ku kichwa, lakini hana kitu. Kichwa wazi. Batu banamuachia njia.

Alipita karibu na pick-up. Hakuniangalia.

Anaingia mu lupango ya Tata Gaston. Anasimama mbele yake. Sisikie. Sizani anasema. Anasimama tu, jasho inamutoka, na anapumua.

Tata Gaston amesimama. Amemupatia kiti. Anapangusa na mukono mbele akae — anakaa. Bibi yake anamuletea mayi mu gobelet.

Tata Kabemba ameshuka mu cabine, ananiambia nikamate dekametre, kamba ya kupimia, nisikimbie. Nashuka. Naandika nikisimama.

Tata Gaston anaenda ku piketi ya mupaka na namba mbili. Ameishika na mukono moya, pa juu, fasi ya ruban. Sijue kama anaitosha ao anajiegemeza tu. Batu bote banainama, kila mutu anashika piketi yake.